Mstari wa Buluu Umefika Ukutani kwa Mama Mkwe

Shangazi mpendwa, vuta kiti ukae, maana jambo langu limenikaa kooni na mume wangu kila nikimwambia anajifanya anatafuta viatu.

Mimi ni mchoraji wa mabango; saluni na maduka unayoyaona yamepambwa huku kwetu mengi ni mkono wangu, na mdogo wangu yuko idara ya hali ya hewa, anapima mto na mvua, na kwa muda mrefu amekuwa akiita mikutano kueleza kwamba kadiri joto linavyoongezeka mvua zinakuja kwa kishindo na mto utafurika hadi mtaani, na watu wanamsikiliza vizuri, wanapiga makofi, wanakwenda zao. Basi siku moja akaniambia, "Dada, nimechoka kuonyesha grafu. Nichoree maji." Tukachukua uzi na pimamaji, yeye akaonyesha hesabu zake zinasema maji yatafika wapi, mimi nikavuta mstari wa buluu nyumba kwa nyumba, kila mwenye nyumba tukimwomba ruhusa, na kwa kuwa mtaa una mteremko, mstari ule ule ulionyooka ukapita magotini kwa fundi cherehani, kiunoni kwa kinyozi, na huku chini karibu na mto ukafika kifuani. Chini ya mstari nikapaka buluu nyepesi, nyepesi kama pumzi kwenye kioo, nikaacha miale ya jua ishuke ndani yake.

Shangazi, sijui nikuelezeje. Mtaa mzima ukawa kama umelala chini ya maji matulivu. Jua la jioni likipiga kuta, watu wanapunguza mwendo bila kujijua, wanawake wanaotoka sokoni wanapita na vikapu kama wanaoelea, fundi cherehani anashona kana kwamba ameweka mashine yake kwenye sakafu ya ziwa, na watoto wanapiga mbizi hewani, mikono polepole, mashavu yamejaa pumzi. Watu wakawa wanasimama mlangoni, wanaweka mkono kwenye mstari, wanajipima. Kisha kinyozi akamuuliza mdogo wangu, "Sasa tufanye nini?" Katika mikutano yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, machozi yalimlengalenga. Tukakubaliana kuzibua mtaro mkubwa uliojaa takataka, na kupanda miti na matete kwenye kingo za mto kabla ya mvua.

Halafu mstari ukafika kwetu. Tunaishi na wakwe zangu, nyumba ya mwisho kabla ya mto. Mama mkwe amepakisha ukuta chokaa mpya kwa sababu wifi yangu anaolewa, na baba mkwe, tangu alipopooza, analala chumba cha mbele, kitanda kiko chini ya dirisha. Mama alinikuta na brashi mkononi, akasimama mbele ya ukuta. "Hunichorei mafuriko kwenye harusi ya mwanangu. Weka hiyo brashi chini." Nikaweka. Sasa mtaa wote buluu, kwetu peupe, na watu wanatania, "Kumbe maji yana adabu, yanawaruka wakwe!" Lakini utani huo umeanza kuuma, majembe yanarudishwa ndani, wanasema kama mchoraji mwenyewe kwake hakuna mstari, sisi tunachimba nini? Na mawingu yanajikusanya. Mama anakwenda kwa dada yake kushughulikia nguo za harusi. Nipake akiwa hayupo, au niache? Nampenda mama, hajawahi kunionea.

Mkwe wa Ukuta Mweupe

*

Mkwe wa Ukuta Mweupe,

Nilipofika pale pa "nipake akiwa hayupo" nilivua miwani. Kwa kinyozi ulibisha hodi, kwa fundi cherehani ulibisha hodi, mama aliyekupokea nyumbani kwake ndiye wa kuviziwa? Na kwa kuwa mawingu hayasubiri gazeti, nilikupigia simu. Kwa ruhusa yako nawaeleza wasomaji yaliyofuata.

Nilikwambia uache kopo la rangi, umchukue mdogo wako, mkae na mama jikoni, umuulize anaogopa nini, kisha ufunge mdomo. Ukaninung'unikia kwamba jibu unalijua, ni harusi. Hukulijua. Mama aliendelea kukunja vitambaa mpaka vikaisha, ndipo akamuuliza mdogo wako kwa sauti ya chini, "Huo mstari wenu, kwa ndani unapita wapi?" Mdogo wako hakumficha. Aliingia chumba cha mbele, akaweka kiganja ukutani, juu kabisa ya kichwa cha mzee aliyelala.

"Nilijua," mama akasema. "Nilishapima kwa macho. Hawezi hata kujigeuza. Mkiuchora, kila nikimwosha nitamwona amezama."

Mwanangu, umepima mtaa mzima, kitanda cha mkweo hukukipima. Hapo nakugombeza, na nitaishia hapo, maana ulilia pamoja na mama. Mumeo, ambaye nilikuwa nimemwandalia maneno makali, ndiye aliyeinua kitanda upande wa kichwani. Bibi harusi akatoa chumba chake cha nyuma, kile cha kupanda ngazi, juu ya mstari, na mzee akahamishwa taratibu, shuka zikining'inia, kana kwamba kitanda kinaelea chenyewe koridoni. Alipowekwa chini alitazama dari, akasema kwa ulimi wake mzito, "Huku kuna upepo." Mama akatoka nje. "Haya, chora. Ila na kwangu jua liingie."

Sasa nisikilize. Uzuri wa ukuta usikulevye, rangi haizuii hata tone. Ukiliweka gazeti hili chini, wewe na mumeo mwende mtaroni, muwe wa kwanza kuonekana na matope, ukuta utasubiri. Mdogo wako awaambie watu wazi kwamba mstari ni makadirio, maji yanaweza kuishia chini yake au kuupita, asiogope kwamba watampuuza. Halafu mpite tena nyumba kwa nyumba, safari hii mikono mitupu, mkiuliza swali moja: humu ndani nani hawezi kukimbia? Kila mmoja wao apangiwe majirani wa kumbeba, awajue kwa sura, na wajaribu kumbeba sasa, ardhi ikiwa bado kavu.