Toba ya Mtu wa Mia na Kumi na Tisa

Jumatatu, 7 Julai 2025
Nimerudi nyumbani Nsambya, Kampala, kutoka hospitali. Siku sita za dripu! Sodiamu, chumvi ya damuni, ilishuka hadi 119 – vile vidonge vya presha vya kukojoza, na maji niliyokuwa nikiyabugia. Dripu waliipitisha polepole. Chumvi ikipanda haraka, ubongo huharibika. Vidonge vimesimamishwa. Vinywaji vyote, lita moja kwa siku. Firdaus, binti yangu, ameichora chupa mistari. Hata supu anaihesabu. Mimi, Mwalimu Hindu wa miaka themanini na tatu, nalindwa kama mwizi!

Jumatano, 9 Julai
Nimemwambia Firdaus anipeleke Tororo kwa Aoko, tuliyefundisha naye shule ya Naguru. Sina mwaka mwingine.
– Mama, wewe? Unatapika garini hata kwenda hapo Ggaba! Ukitapika, chumvi inaisha tena.
Nikamwambia ukweli. Sijatapika garini hata mara moja. Nilizusha. Mwaka 1984 nilichukua ufunguo wa kabati mkobani mwa Aoko, nikafungua bahasha ya mtihani, nikamwonyesha mdogo wangu Junaid maswali. Ufunguo ulikuwa wake, akafukuzwa Aoko. Hakufundisha tena. Mimi kimya. Kila aliponiita – harusi ya binti yake, msiba wa mumewe – nikasingizia gari.
Firdaus akanishika paji la uso. Kisha akampigia simu daktari Kidega: mama ameanza tena kuchanganyikiwa.

Ijumaa, 11 Julai
Damu imepimwa: 127; ya mtu mzima wa afya huanzia 135. Kidega anacheka, ananiita jaja, yaani bibi – jaja, bado kidogo, utasema mengi. Eti wodini nilimwita muuguzi Odur mume wangu. Sawa! Lakini la Aoko si ugonjwa. Toba ya mtu wa 119 haisikilizwi. Basi nitawapa namba.

Alhamisi, 17 Julai
Midomo imekauka. Nikitawadha nasukutua, natema. Tone sijaiba. Firdaus kaacha birika mezani makusudi, kunijaribu. Nimeligeuzia mgongo.

Jumamosi, 19 Julai
135! Nimedai karatasi ya maabara yenyewe, yenye muhuri.
– Kwa hiyo, mama... ile bahasha?
– Ile ile.
Ameisoma karatasi mara mbili, akaikunja. Hata hivyo amenifungia safari ya mtapikaji: mkate mkavu, tangawizi, kiti cha mbele, macho mbali barabarani, kusoma marufuku. Vidonge vya kichefuchefu Kidega kavikataa, vinawalewesha wazee. Nimekubali yote. Nikitapika kesho, nani ataniamini?

Jumapili, 20 Julai. Tororo, sebuleni kwa Aoko
Nimefika mkavu! Baada ya Jinja tumbo lilianza kupanda – woga tu. Nikakaza macho mbele, nikatafuna tangawizi.
Aoko alikuwa mlangoni na fimbo yake, anacheka: Mwalimu Hindu! Gari limekutema mzima? Akanikalisha. Akanisogezea beseni jipya na taulo – kaviweka tayari tangu jana, Firdaus alipompigia simu.
– Tapika tu, dada yangu, usione haya. Miaka yote hii nawaambia watu: msimlaumu Hindu. Ananipenda, ila gari linamshinda.
Firdaus anatazama sakafu. Aoko ameenda jikoni kuleta chai. Chai! Na chupani nimebakiwa na mistari miwili.
Angenitukana ingekuwa rahisi.
Nasikia fimbo yake ikirudi. Karatasi ya maabara nimeilaza juu ya beseni, muhuri juu. Asome kwanza 135. Kisha aketi, nimweleze ya ufunguo –