Nilivyomwacha Kyalo Kituluni

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi.

Syokimau leo haina jua. Wingu limefunika mapaa tangu tulipofika mchana, nami nimekaa sebuleni, miguu ndani ya karai la maji ya moto na chumvi. Nikisimama, magoti yanagoma. Nikikaa, makalio yanalalamika. Hii ndiyo inaitwa wikendi ya mapumziko.

Nani alisema mtu hupumzika kwa kupanda mlima?

Ni Musau. Musau ni mdogo wake Kyalo, mume wangu. Yeye na mkewe Ndinda ni watu wa kukimbia. Wana viatu vya lami na viatu vya vumbi, na wakija kukutembelea wanakataa soda, wanaomba maji. Mwanzoni mwa mwezi walikuja na wazo lao: twende Machakos sote wanne, tulale huko Jumamosi, wao wakimbie, mimi na Kyalo tuendeshe baiskeli, tuone milima.

"Tuone milima." Alisema hivyo mbele ya Kyalo, na hakuna aliyeshtuka ila mimi.

Kyalo haoni. Kwa mlioanza kunisoma hapa karibuni: presha ya macho ilichukua jicho moja kwanza, halafu, mwaka juzi, ikamaliza la pili. Kabla ya hapo alikuwa mwendesha baiskeli kweli kweli. Jumamosi alfajiri alikuwa anatoka hapa, anafika kwao Machakos, anakunywa chai kwa mama yake, na anarudi kabla sijamaliza kuanika nguo.

Sasa Musau akaazima kwa rafiki yake baiskeli ya watu wawili. Wa mbele anaona njia, anashika usukani, breki na gia. Wa nyuma anakanyaga tu.

Wa nyuma wangu anakanyaga na kuongea.

Tulifanya mazoezi kidogo kwenye barabara za mtaa, na hata hapo nilikuwa nimeanza kuota ile sauti nyuma ya shingo yangu. Lakini mtaa ni tambarare. Jana tuliacha mizigo kwenye gesti mjini, tukashika njia ya Mutituni kwenda Kituluni, na njia hiyo haijui tambarare ni nini. Musau na Ndinda wakatangulia mbio, wepesi kama watu wanaokimbilia sherehe. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye vilima vya Iveti.

"Gia," Kyalo akasema. Nikabadilisha. "Umechelewa. Gia hubadilishwa kabla ya mlima, si ndani ya mlima." Nikakanyaga. Baada ya kona, tena: gia. Baada ya daraja: gia. Nikaona heri ningemfungia usukani mgongoni kwangu aendeshe mwenyewe.

Na katikati ya gia na gia, alitaka kuelezwa. Unaona nini sasa? Nikasema naona barabara. Na nini kingine? Naona mgongo wa ndugu yako. Akasubiri. Nikajua anasubiri matuta ya mashamba, mibuni, moshi wa jikoni za watu, vitu ambavyo siku nyingine humwelezea mpaka koo linakauka. Jana sikuwa na pumzi ya kukanyaga na ya kusimulia. Sikuwa na hata moja.

Basi akaanza kunisimulia yeye. Njia ile anaijua kwa moyo. Akasema hapa mbele kuna kona yenye mikaratusi mirefu, upepo ukivuma utaisikia inaongea.

"Ilikatwa," nikamwambia.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema ndiyo, naiona. Nilisema ilikatwa kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka naye akose kitu. Hakusema neno mpaka tulipopita visiki vyote.

Njiani watu walitupungia. Kyalo huvaa miwani myeusi na fimbo yake nyeupe hukunjwa na kufungwa kwenye fremu, kwa hiyo wanaelewa haraka. Wamama walioketi na maparachichi yao walimpigia makofi. Mtu wa bodaboda akapunguza mwendo, akamwambia yeye ni simba. Yeye akainua mkono kama mbunge. Mimi niliyekuwa mbele, nikivuta ile baiskeli na yule simba, sikupungiwa na mtu.

Nisemeje? Nilihesabu hayo yote kama mtoto.

Kituluni kuna kipande cha barabara ambacho Mkamba yeyote amesikia habari zake: maji yakimwagwa pale hupanda mlima, na gari likitolewa gia hujivuta lenyewe kwenda juu. Mimi kwetu ni Kibwezi. Nilikuwa nimesikia lakini sijawahi kufika, na jana hakuna aliyeniambia kwamba tumefika.

Nilichoona ni mwinuko mwingine tena mbele yangu. Nikamwambia Kyalo akanyage kwa nguvu. Akasema hapana, tunateremka, pumzisha miguu. Nikamwambia mimi ndiye mwenye macho hapa, tunapanda, kanyaga. Badala yake akakaza miguu yake. Sasa, kwenye baiskeli hii makanyagio ya mbele na ya nyuma yameunganishwa kwa mnyororo mmoja. Mmoja akigoma, wote mmegoma. Miguu yangu ikakwama. Nikafumba macho nikingoja turudi kinyumenyume mpaka Mutituni.

Baiskeli ikaendelea kupanda. Taratibu, yenyewe, bila mtu kukanyaga.

Nyuma yangu Kyalo alikuwa anacheka. Alicheka mpaka baiskeli ikayumba. Kumbe alikuwa amepanga tangu asubuhi, na amewaapisha Musau na Ndinda wasiniambie. Macho yangu yaliniambia tunapanda na mwili wake ukamwambia tunateremka, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu mwaka juzi. Ningepaswa kufurahi.

Sikufurahi hata kidogo. Nilijisikia kama punda aliyefanyiwa mzaha.

Palikuwa na gari la wageni kutoka Nairobi, wamemwaga maji ya chupa kwenye lami na kuyapiga picha. Walipotuona wakamzunguka Kyalo. Ni shujaa, ni mfano, ametutia moyo. Dada mmoja akanipa simu yake niwapige picha pamoja naye. Nikawapiga. Akasema nipige na nyingine, wamesimama karibu zaidi. Nikapiga. Aliporudishiwa simu akanishika bega akasema Mungu atanilipa kwa kumsaidia huyu baba.

Walipoondoka, Kyalo alikuwa bado ana furaha. Akataka turudi mwanzo tupite tena. Nikamwambia nimechoka. Na hapo akasema neno ambalo, nikilitazama leo, ni dogo tu:

"Ungekuwa unasikia ninavyokuambia kuhusu gia, haungechoka hivi."

Nikashuka. Nikachukua mikono yake nikaiweka kwenye usukani. "Shika," nikasema. Halafu nikaondoka.

Aliniita mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Sikuitika. Nilipita kona, nikakaa kwenye jiwe kando ya shamba lenye nepia, ile nyasi ya ng'ombe, na chini yangu bonde lote lilikuwa limefunguka. Ukungu ulikuwa umeondoka. Kulikuwa na matuta mpaka chini kabisa, mabati yanayong'aa, mwanamke mmoja mbali sana akivuna mahindi. Niliyatazama hayo yote na sikuwa na mtu wa kumwelezea.

Nilihisi raha.

Naandika hili kwa sababu ndilo linalonitisha. Sikulia. Sikumfikiria. Nilikaa pale nikapumua kama mtu aliyetua mtungi kichwani, na kama pasingepita lori, sijui ningekaa mpaka lini.

Lori nililisikia kabla ya kuliona, likitoka upande niliotoka. Lilipiga honi ndefu, ikanyamaza, ikapigwa tena. Wikendi yote walinibembeleza nikimbie na hapo ndipo nilipokimbia. Lori likanipita kwenye kona, dereva akitukana kupitia dirishani, nami sikusikia alichotukana.

Kyalo alikuwa palepale nilipomwacha. Hakuwa pembeni kama nilivyojiambia nilipokuwa nakimbia. Alikuwa juu ya lami, mikono yote miwili kwenye usukani, amesimama wima, uso ameuelekeza upande ambao siko. Alisimama kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Yaani alidhani niko karibu, nimenuna tu, namwangalia.

Nikamsogeza kwenye nyasi, yeye na baiskeli. Vidole vyake ilibidi nivibandue kwenye usukani kimoja kimoja.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapo mbele. Nilikaa tu."

"Ulikuwa unaniona?"

Ningeweza kumdanganya. Ni jambo rahisi kuliko yote duniani kumdanganya Kyalo kuhusu kilichoonekana.

"La," nikasema. "Nilikuwa nimepita kona."

Nilingoja aniambie yale niliyostahili. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa, na majibu yangu nilikuwa nayo, ya miaka yote miwili. Akapapasa akapata tandiko, akaegemea.

"Umepumzika?" akauliza.

Nilitafuta dharau kwenye sauti yake, sikuipata. Alikuwa anauliza kweli. Nikasema ndiyo, nimepumzika kidogo. Akaitikia kwa kichwa.

"Siku nyingine ukitaka kuniacha, niambie kwanza, nikae chini."

Hatukupanda tena baiskeli. Tuliisukuma mpaka kwenye kibanda ambako Musau na Ndinda walikuwa wakitungoja na ndizi, na hakuna kati yetu aliyewaambia lolote. Musau akaniuliza kama nimeona maajabu. Nikasema nimeyaona.

Usiku tulikula muthokoi kwenye gesti, mahindi yamepikwa mpaka yamelainika na maharagwe, na Musau akaanza hadithi zake: kwamba kaka yake ni mtu mwepesi sana kuishi naye, hana makuu, kwamba yeye angekaa naye mwaka mzima bila shida. Ndinda aliitikia. Kyalo akaomba kuongezewa. Mimi nilitafuna.

Leo asubuhi ilikuwa zamu ya kukimbia. Mpango ulikuwa nikimbie na Kyalo, tumeshika kamba moja fupi, mpaka bwawa la Maruba na kurudi. Ndinda akaja kugonga mlango na kamba mkononi. Nikamwambia mimi siendi, Musau atakimbia naye. Akaanza kuniambia kwamba nitajuta, asubuhi ni nzuri. Nikarudia kwamba siendi, na nikafunga mlango. Shemeji wa watu. Nitamwomba radhi wiki hii.

Nikanywa chai na mandazi peke yangu kwenye veranda ya gesti, na baridi yote ile. Hakuna aliyeniuliza kikombe kina rangi gani.

Waliporudi, Kyalo alikuwa mbele akivuta kamba na Musau alikuwa nyuma na uso wa mtu aliyetoka kituo cha polisi. Kyalo akaanza kabla hajakaa: Musau anaegemea kushoto, Musau haonyi mashimo mapema, Musau anapumua kwa mdomo. Musau akamwacha aingie kuoga. Halafu akaja akaketi mbele yangu, akamimina chai, akaitazama.

"Shemeji," akasema, "huyu mtu hunyamaza saa ngapi?"

Nikacheka. Nilicheka mpaka chai ikaniingia puani, na nikaona Musau anazidi kuwa na huzuni, nikacheka tena. Kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine na Ndinda akanisogezea leso.

Nilipopata sauti nilimwambia Musau jambo nililopaswa kumwambia zamani. Kwamba Jumamosi moja mimi, Jumamosi nyingine yeye. Si akipata nafasi. Si tutaona. Awe anakuja kumchukua asubuhi na kumrudisha jioni. Musau akamtazama mkewe, kama wanaume wanavyofanya wakitafuta mlango wa nyuma.

"Atakuja," Ndinda akasema.

Kyalo alikuwa amesimama mlangoni na taulo shingoni. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi.

"Kwa hivyo mnanigawa," akasema.

"Ndiyo," nikamjibu.

Akafikiri. Akasema sawa, lakini Musau atakuwa wa mbio peke yake. Kwa baiskeli hafai, hana sikio la gia. Baiskeli ni ya Mwikali.

Mwikali ni mimi. Bado sijajua kama hiyo ilikuwa zawadi au adhabu.

Sasa maji kwenye karai yamepoa na kesho nina treni ya asubuhi kwenda kazini, na sijui nitapanda vipi ngazi za stesheni kwa miguu hii. Sijamsamehe Musau kwa kuazima ile baiskeli. Mwenyewe bado sijajisamehe, na pia sijajuta kama inavyotakiwa. Yote mawili yapo, nimeyaacha yakae.

Kyalo yuko kwenye kiti chake karibu na dirisha. Ameniuliza kama ninaandika habari za jana, kwa sababu atasomewa tu na simu yake, na yule mwanamke wa kwenye simu hutamka majina yetu vibaya. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nimeandika kwamba nilimwacha. Nikasema nimeandika.

Ameegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha, nikadhani amesinzia.

"Andika pia niliogopa," amesema.

Nimeandika.