Ile Sauti Uliyotuma Kwenye Kundi la Ukoo

Tumbi, Kibaha,
21 Septemba 2025.

Mpendwa kaka Onesmo,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa sababu marehemu mama alinifundisha hivyo, si kwamba nina hamu na marahaba yako. Hujambo huko Tunduma? Kile kifua kimepona? Mimi mzima, ila nina alama ya bluu kwenye mkono wa kushoto, na nitakueleza imetoka wapi.

Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa kuwa simu zangu hupokei. Nimempa dereva wa basi akukabidhi mkononi, mbele ya wenzako wa kazini.

Aneth, mwanao uliyeniachia tangu mkeo alipofariki, bado amelazwa. Daktari anasema uboho wa mifupa yake hautengenezi damu ya kutosha. Alikuwa akitokwa damu puani na kwenye fizi, tunabadilisha foronya mbili kwa siku. Alihitaji chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Hizo huwezi kuziweka akiba kama unga, zinakaa siku tano tu zimeharibika. Na za mtu mmoja hazitoshi. Walitakiwa watu wanne.

Mjomba Bartolomeo alikusanya watu wanane kule Msimbu. Wanane, kaka! Waliacha mashamba yao, wakaoga, wakavaa, wakasimama barabarani kusubiri gari. Ndipo ulipotuma ule ujumbe wako wa sauti: "Jamani shtukeni, damu hiyo inauzwa. Na ukishatoa mara moja mwili unazoea, usipotoa tena unavimba." Uliyasomea wapi hayo? Gari lilipofika alipanda mjomba peke yake, na hospitali wakamkataa kwa ajili ya umri na presha.

Usiniambie uliwaonea huruma. Uliona aibu. Ulijua wakijaa wodini, swali la kwanza litakuwa baba wa mtoto yuko wapi. Ukaona heri wasije kabisa.

Basi nikatoa mimi. Mimi Petronila, ninayeogopa sindano kuliko nyoka. Unakumbuka siku ya chanjo shuleni, nilivyojificha kwenye mihogo? Ulinifuata wewe, ukanishika mkono mpaka nesi akamaliza. Safari hii sikuwa na wa kunishika. Walinichoma kidole kupima wingi wa damu, wakanipima uzito na presha, wakaniuliza mambo ambayo hata padri hajawahi kuniuliza, kisha wakaniingiza sindano mkono wa kushoto, ndiyo iliyoacha ile alama. Nilifumba macho nikakutukana kimoyomoyo mpaka mfuko ukajaa. Hasira ilinisaidia, sitakuficha. Baadaye wakanipa soda na biskuti. Sijavimba.

Jirani yangu Raudha naye alitoa, na walinzi wawili wa shule ninayofundisha, watu wasiomjua Aneth hata kwa sura. Siku ya pili damu ya puani ilikatika. Lakini kabla ya wiki mbili kwisha atahitaji nyingine, na sisi wanawake haturuhusiwi kutoa tena mpaka miezi minne ipite. Walinzi nao mpaka mitatu. Sina mtu mwingine wa kumwomba, kaka. Naogopa.

Hela yako sitaki. Hata kuja sikuombi, maana najua utaleta visingizio. Nataka urekodi ujumbe mwingine, kwenye kundi lile lile, useme kwamba ulidanganya. Mimi nimewabembeleza mara tatu wakanyamaza. Wewe ndiye mkubwa wao, wewe ndiye wanayemsikiliza. Fanya kabla ya Jumapili ijayo.

Jana mjomba aliucheza ujumbe wako kando ya kitanda, akasahau kupunguza sauti. Aneth akafumbua macho. "Huyo si baba?" Mjomba akataka kuzima, mtoto akamshika mkono: "Babu, rudia." Aliusikiliza mara sita huku anatabasamu. Maneno hakuyajali. Ni mwaka mzima hajaisikia sauti yako.

Mjomba Bartolomeo anakusalimu, ingawa nilimkataza. Raudha, usiyemjua, anakusalimu pia. Nisalimie Daniel wa hapo ofisini kwenu. Mungu akupe afya, na akupe haya.

Aneth naye anakusalimu. Ameniuliza kama umemtumia sauti nyingine. Nimemwambia ipo njiani.

Wako akupendaye, japo wiki hii kwa shida,
Petronila.