Bi Jozi, Uliyepanda Ngazi Peke Yako

Mwaka umetimia tangu ututoke, mwanetu, na mwaka mzima mama yako amelala na kuamka na maneno aliyoyasikia msibani: kwamba mwenzako wa kazi alikuwa ameshika ngazi, akaiacha, ukaanguka.

Kazi yako ilikuwa nyota. Si zote, zile kubwa, nzito kuliko jua mara ishirini, katika makundi machanga ambayo nyota zake zimezaliwa pamoja juzijuzi tu kwa hesabu ya huko juu. Ulitueleza jikoni, unamenya viazi: "Mama, chache sana zinakaa bila mwenza. Kundi langu lina kubwa ishirini, na kumi na nne kati yake nimeshawaona wenza wake."

Kaka yako akadakia, "Nyota zina wachumba, dada yangu je?"

Ukamtupia ganda. "Nasubiri zimalize harusi zao."

Ndipo tukakuita Bi Jozi, na jina likakufuata hadi kazini.

Hukuwa na papara. Nyota moja uliipima mwezi baada ya mwezi. Mama yako akauliza, si uliiona jana? "Ukiitazama mara moja, Mama, utaapa ni moja. Rudia, rudia tena, utaona inayumba kidogo. Kuna mwenzake anaivuta."

Mama yako hakurudia. Alisikia mara moja, akameza. Mwenzako alipokuja kutoa pole, alimnyima mkono mbele za watu.

Mwezi uliopita akajikaza, akaenda kazini kwenu. Mlinzi wa getini akamwonyesha paa la darubini, lile lililokwama mchana ule ulipoanguka. "Mwenzake alikuwa hapa kwangu, mama, anachukua ufunguo wa stoo ya kamba za kujifungia. Akampigia kelele, 'Bi Jozi, nisubiri!' Naye keshafika juu: 'Ni skrubu moja tu!'"

Wewe, mhesabu jozi.

Mama yako amemwomba radhi mwenzako. Walilia wote wawili. Zile nyota sita zilizobaki, mwenzako anaendelea kukupimia. Anasema moja imeanza kuyumba.

Tunaokukumbuka ni baba, mama, kaka yako, shangazi aliyekulea ukiwa mdogo, na mwenzako wa kazi, ambaye sasa ni wa nyumbani. Hutatoka mioyoni mwetu.

Na ninyi mnaosoma, mama anawaomba:

Msipande ngazi bila mtu wa kuishika.
Msiseme "moja tu."
Msitoke msibani na maneno mliyoyasikia mara moja.
Msimnyime mtu mkono kabla hamjamuuliza.