Mgongo wa Lipót

Budapest, 2 Juni 1899

Dada yangu Hermina,

Pokea salamu zangu na za baba. Shemeji Ödön kile kikohozi kimemwachia? Na bata bukini wako huko Szeged, mbweha amewasaza? Sisi wazima, ila magoti yanamsumbua baba kila mvua ikinyesha.

Umeniandikia mara mbili kunipongeza kwa ubingwa wa ziwa Balaton, nami nikakaa kimya. Umeuliza kama nimeanza kuringa. La, dada. Soma mpaka mwisho, kisha ukitaka kunikana, nikane.

Lipót Vadas unamjua, mtoto wa mshona kofia, yule aliyekuwa akija kwetu kula supu ya samaki. Mimi ndiye niliyemfundisha kuogelea, kwenye bwawa la maji moto kule Buda, akiwa na miaka kumi na mitatu na anaogopa kulowesha masikio. Miaka mitatu baadaye akanipita. Akawashinda wote katika chama chetu cha kuogelea, na mwaka jana akaenda Vienna akarudi na nishani. Siku hiyo vijana walifungua farasi wa gari lake, wakalivuta wenyewe kutoka stesheni hadi kwao. Mimi nilikuwa mmoja wa waliovuta. Mikono iliniuma siku mbili, roho mpaka leo.

Kila shindano nilikuwa wa pili. Wenzangu walikuwa wakinitania, "Ee Benedek, unashindana naye au unamsindikiza?" Nami nacheka nao. Hata baba akaanza kumwita "mwanangu", akampa saa ya babu. Saa ile, dada, ilikuwa niirithi mimi! Nilimchukia Lipót kwa kila kitu, hata kwa jinsi anavyotafuna taratibu. Na hana majivuno hata chembe, kwa hiyo sikupata kisa cha kugombana naye.

Maji ya Balaton mwezi wa Mei unayajua, baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa. Ndiyo maana tunapakwa mafuta ya bata bukini mwili mzima, mazito, yazuie baridi, na kwa kuwa mtu hafikii mgongo wake, tunapakana wawili wawili. Siku ya shindano Lipót alinipaka kwanza, mafuta yale yale uliyonitumia, akanikanda hadi kiunoni. Alisema mabega yangu yamekaa vizuri, pengine mwaka huu ni zamu yangu. Kisha akanigeuzia mgongo.

Dada, nilichovya ncha za vidole tu. Nilimpaka kiasi cha kung'aa, ili wenzetu waone amepakwa, na mafuta mengine nikayafuta kwenye majani. Akauliza, "Tayari, kaka?" Nikamwambia tayari.

Hadi nusu ya njia alikuwa mbele. Ghafla mgongo wake ukakakamaa kwa baridi, nikampita, nikamsikia akiniita kwa jina. Sikugeuka. Watu wa mashua walimtoa midomo imekuwa ya buluu, na mimi nikafika wa kwanza nikavishwa shada.

Sasa yuko kitandani, mapafu yameharibika. Daktari amesema hatashindana tena maishani. Nilidhani wivu ungeisha hapo, lakini wapi! Kwake watu wanapanga foleni na keki na maua, kwangu mimi bingwa hakuna anayebisha hodi. Hata ugonjwa wake namwonea wivu.

Jana nilikwenda kumtazama. Alinishika mkono, akanipongeza, akasema kosa ni la mwili wake, umechoka mapema. Kisha akaniambia kwamba Alhamisi atakuja nami kwenye shindano la Vienna, hata kwa mkongojo. "Nani atakupaka mgongo kule? Watu wa kule mimi siwaamini."

Nimemwandikia mwenyekiti wa chama kila kitu. Barua ile nitampelekea kesho, nikishatia hii yako posta, maana nikijua wewe umeshajua, sitakuwa na pa kujificha. Baba nitamwambia mwenyewe, na kwa Lipót nitakwenda kwa miguu yangu. Najua atanisamehe kabla sijamaliza kusema, na mji mzima utazidi kumpenda. Hilo, dada, ndilo linaloniuma kuliko yote, hata sasa ninapoandika.

Nibusie watoto, mwambie shemeji ajifunike kifua. Usinijibu kwa haraka; nijibu ukiwa umetulia.

Ndimi mdogo wako,
Benedek