Sufuria ya mama mkwe

Kaka, nimeaibika. Usicheke mpaka nimalize.

Leo nilimpelekea mama wa mchumba wangu sufuria ya zawadi, ndiyo mara ya kwanza kufika kwao. Wana jiko jipya la umeme, lile la kioo. Mchumba aliniambia wazi, "Tafuta nzito, yenye kitako bapa." Mimi dukani nikazigonga moja moja, iliyolia vizuri nikaibeba. Mshairi huyo!

Nikaikabidhi kwa beti nne. Beti nne, kaka, nimesimama sebuleni!

Mama akabandika maji ya chai. Sufuria ikayumba juu ya kioo kama mlevi. Dakika ishirini, hata povu hakuna.

Nikajifanya fundi, nikaivuta ikae sawa. KRRR! Mkwaruzo mrefu kama kidole. Jiko la wiki mbili!

Mchumba akanikata jicho. "Nilikwambia nini?"

Mama hakufoka, na hilo ndilo limeniumiza. Akamwaga maji, akaigeuza sufuria, akalaza rula kwenye kitako. Ikagusa katikati tu, pembeni mwanga unapita.

"Mwanangu," akasema, "shairi lako limenyooka. Sufuria ndiyo haijanyooka."

Nikajua posa imeota mbawa. Mlangoni akaniita. "Jumamosi uje tena. Uje na sufuria, beti uziache kwenu."

Niziache kwetu! MIMI!

Haya, kesho saa nne nipitie twende dukani. Beba rula. Ukiniona nagonga sufuria, nichape nayo.