Gauni Lililoshonwa Kwingine

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kaniletea dukani kitambaa cha buluu. Jumamosi anakabidhiwa cheti chake cha ukunga, anataka gauni. Sikumpima — miaka tisa namshonea, vipimo vyake viko kichwani. Nimeongeza inchi tatu kiunoni, na mikono hadi kwenye viganja. Si atakuwepo yule bwana wa maabara ya chuoni kwao anayemsifia kila siku? Basi asifie kitambaa.

Jumatano, 5 Machi
Kalijaribu. Kasimama mbele ya kioo, kakusanya kitambaa kilichozidi kiunoni. Dada yangu, anayenishonea vifungo, kacheka: kinyozi hajinyoi. Mke wangu hakucheka. Kasema asante, kalikunja, kaliacha mezani.
Nampenda mno, ndiyo maana.

Alhamisi, 6 Machi
Karudi na gauni la kijani. Kalishonesha kwa siku moja kwa fundi wa kona, yule ninayemwita Mkono Mwepesi! Kampima — mabega, kifua, kiuno. Nikauliza kampima vipi. Kasema kwa futi, kama mafundi wote. Roho inaniuma hadi sasa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemweleza dada, nikidhani atakuwa upande wangu. Wapi! Kauliza zile inchi tatu niliziongeza kwa ajili ya nani. Nikamwambia wivu ni dalili ya mapenzi. Kasema unayempenda unamshonea nguo imtoshe. Usiyemwamini ndiye unayemshonea gunia. Akaendelea na vifungo vyake. Nimenuna kutwa. Koti la mteja nimelikata upande mmoja mfupi.

Jumamosi, 8 Machi, asubuhi
Yuko bafuni, anaimba. Sikumbuki mara ya mwisho alipoimba humu ndani.
Kaniachia gauni la kijani nilipige pasi. Naandika hapa hapa, juu ya meza ya pasi. Nimeligeuza upande wa ndani — mshono umenyooka, hakuna uzi unaoning'inia. Huyu bwana anajua kazi. Nikapima kiuno: ishirini na nane. Mimi kichwani nina thelathini na moja, bila zile tatu nilizoongeza. Kumbe amepungua. Nalala naye kitanda kimoja na sikujua, kajua mtu wa kona.
Wembe wa kufumulia uko mfukoni, kama siku zote. Nyuzi nne tu za ubavuni. Akinyanyua mkono kupokea cheti, litaachia, na atarudi kwangu.
Uzi wa kwanza nimeshaukata.
Sindano ya kuurudishia nayo ipo, imechomekwa kwenye kola yangu. Anaita, anauliza kama nimemaliza. Nimemjibu bado kidogo.